Kiraka

Magomeni Mapipa, ghorofa ya pili, juu ya duka la mabati.
Saa nne asubuhi, na glavu zimeshajaa jasho.
Bi Zamoyoni amekaa kitini, pochi kaikumbatia kifuani
kama yuko stendi,
mdomo kaufungua kabla sijamwambia.

Jino la juu, la mbele, kulia. Kona imemeguka.
Si jino lenyewe: ni kizibo cha zamani,
kimegeuka rangi ya chai ya maziwa,
kimepasuka palepale uzi unapopita.
"Nani alikuziba hili?"
"Wewe."

Fidea analeta daftari la miaka kumi na mmoja nyuma.
Kweli. Mwandiko wangu wa uanagenzi,
ile zedi ninayoikata tumbo.

Mwalimu wangu angesema: toa chote, anza upya.
Lakini kila ukitoa chote unaondoka na jino kidogo,
na jino la tatu Mungu hatoi.
Nitatia kiraka.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wengi tunapoumbuka.
Kizibo kikiwa ndiyo kwanza kimetoka chini ya taa
bado kina mikono, midogo midogo,
iliyokosa wa kushikana naye.
Ukiweka tabaka juu yake zinashikana, mpaka huuoni.
Lakini hiki kimekunywa miaka kumi na mmoja ya mate,
kahawa chungu, achari, maji ya dumu.
Mikono imeshuka.
Uso umelala kama sakafu ya saruji mlangoni kwa watu wengi.
Ukikipaka gundi juujuu kitakubali, kwa adabu,
kisha Jumanne kitabaki kwenye andazi.

"Nitakikwaruza kwanza, Bi Zamoyoni."
"Hihwaruhe," anajibu, mdomo wazi.

Nakikwaruza. Vumbi jeupe, harufu ya plastiki iliyoungua.
Asidi kwenye ukingo wa jino; kizibo chenyewe asidi hakikitishi,
kinaoshwa tu uso. Maji. Upepo.
Kisha dawa ya kushikiza, tone moja, nasubiri ikauke.
Kisha gundi, nyembamba, nyembamba zaidi,

na umeme unakatika.

Kiyoyozi kinanyamaza. Bomba la kunyonya mate linanyamaza.
Joto la Machi linapanda ngazi kutoka dukani,
na unyevu wa mji huu ni mate mengine.
"Pamba, Fidea! Usipumue juu yake!"
Taa ya buluu ina betri. Bado mistari miwili.
Nahesabu kwa sauti, ishirini,
chini wanapakia mabati, kishindo baada ya kishindo,
naweka tabaka, nahesabu, tabaka jingine, nahesabu,
na Bi Zamoyoni, macho kafumba,
ananihesabia kwa kidole juu ya pochi.

Anapotema mate anasema:
"Hata sisi mafundi. Pindo lililochakaa halishiki uzi.
Unalifumua kwanza mpaka nyuzi zisimame,
mteja anadhani unamharibia gauni."
Kimya kidogo.
"Kitashika?"
"Kitashika."
"Kama cha kwanza?"
Ningeweza kumdanganya.
Hajui mimi usiku huwa natengeneza vipande mezani,
vya zamani na vipya, navivuta mpaka viachane,
naandika vimeachania wapi:
kwenye kiungo, au ndani ya kile cha zamani chenyewe.
Nikiona cha zamani ndicho kimekatika na kiungo kimebaki
ndipo nalala vizuri.
"Kama robo tatu," namwambia. "Ukikiheshimu.
Usikate tena uzi kwa meno."
"Mkasi ninao, mwanangu. Mikasi mitatu."

Anasimama, anajikung'uta, anatafuta viatu.
Ananitazama mkono wa koti: uzi unaning'inia kwenye kifungo.
Ananivuta kiwiko, anainama,
tk.

Ameshaukata kabla sijapiga kelele.

Nikamgeuzia dirishani, nikamwinua mdomo kwa kidole gumba.
Kona ipo.
Kwa leo.